Chupa ya jemu, balbu na wino wa ngisi: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi ya kwanza

Kisa ni fizi za mama. Daktari wa meno alimpima kwa kile kichuma chembamba chenye alama za milimita, huku akimtajia msaidizi wake: mbili, tatu, tano. Ni kina cha kijifuko kilicho kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 kuna jambo. Baada ya wiki mbili daktari mwingine akapima jino lilelile, akapata nne. Huyu mkono mzito, yule mwepesi.

Katika kupekua nikakutana na kazi ya Jesse Jokerst na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwaka 2017 walichanganya wino wa ngisi, maji na wanga wa mahindi, mchanganyiko ukaingia kwenye vijifuko vya fizi za nguruwe, kisha wakamulika kwa leza ya kupigapiga. Wino ni mweusi, unanyonya mwanga, unapata joto na kutanuka ghafla. Kutanuka huko ni mlio, na mlio unadakwa na ultrasaundi. Kinachoonekana ni kifuko kizima, si pale tu kichuma kilipogusa.

Leza sigusi, macho ninayo mawili tu. Ila mwanga kuzaa sauti Alexander Graham Bell aliugundua mwaka 1880 kwa jua na kisahani chenye matundu kinachozunguka na kuukatakata mwanga. Nami nitaanzia huko.

Jumatano

Balbu ya waya imenizungusha mtaa mzima, kila duka LED. Nimeipata kwa muuza vifaa vya kufugia vifaranga! Chupa ya jemu nimeipaka masizi ya kibatari upande mmoja kwa ndani, kifuniko nimekitoboa. Kimya.

Alhamisi usiku

Tundu lilikuwa dogo. Nimelipanua, nikatega sikio: *mmmm*. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa balbu hung'aa na kufifia mara 100, yaani mara mbili kwa kila mzunguko, na masizi yanaitikia. Nikaleta chupa safi isiyo na masizi: kimya. Nimecheka peke yangu.

Jumapili

Feri, soko la samaki: ngisi wawili. Wino mbichi ndani ya chupa haukutoa kitu, nadhani maji yanameza joto. Nimeupaka kwenye karatasi ya chooni, ukakauka, nikaiweka chupani: unavuma, hafifu kuliko masizi lakini upo.

Kupima ufizi kwa chupa hii ni ndoto. Wimbi la mlio wa mara 100 kwa sekunde lina urefu wa mita tatu na ushee hewani. Ili kutofautisha sehemu ya milimita moja ndani ya maji unahitaji mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde, ndiyo maana Jokerst na wenzake hutumia leza ya mapigo mafupi mno.

Ijumaa narudi Feri, nataka wino wa kutosha nijaribu tabaka nene. Muuza samaki ameshaanza kuniita daktari.