Visigino vilivyokuwa vikinasa shuka

Baridi ikishika, mimi huanza kupauka kwenye miundi. Kwanza ni weupe mwembamba, kama nimepita kwenye unga. Baadaye vinafuata vigamba vinavyodondoka nikivua soksi, halafu muwasho wa usiku. Miaka mingi nilichukulia kwamba ndivyo nilivyoumbwa: wenzangu hupata mafua, mimi hupauka. Msimu ulionishtua ni ule ambao visigino vilianza kunasa shuka. Nikigeuka kitandani nasikia kwaruu, kumbe uzi umeshikwa na gaga. Kidole gumba nacho kilichanika pembeni mwa kucha. Mchaniko wenyewe haukuzidi punje ya mchele, lakini kila nilipofunga kifungo cha shati nilikiona cha moto.

Na si kwamba sikuwa napaka mafuta. Nilikuwa napaka, tena kwa wingi. Naingia bafuni, nafungulia maji yanayofuka mvuke, nakaa humo dakika 20 na zaidi maana nani anataka kutoka kwenye joto lile? Najisugua kwa dodoki na sabuni ya kipande inayonukia mpaka sebuleni, najifuta nikauke kabisa, navaa, nakunywa chai, halafu ndiyo nakumbuka losheni na mafuta ya mgando.

Dada yangu ndiye aliyeniuliza swali moja tu.

"Unapopaka, ngozi inakuwa na maji au imeshakauka?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba imekauka, nani apake mafuta akiwa amelowa? Akacheka. "Basi kaka, unafunika sufuria tupu."

Neno hilo liliniuma, ila alikuwa sahihi. Mafuta ya mgando hayaongezi maji kwenye ngozi hata tone. Kazi yake ni kuziba, ili maji yaliyomo yasitoroke, kwa hiyo ukipaka juu ya ukavu umefungia ukavu. Nikaja kuelewa pia kwa nini tatizo huja na baridi. Hewa ya baridi hubeba unyevu kidogo, na ukiipasha kwa hita bila kuiongezea maji inazidi kuwa na kiu. Inanyonya unyevu popote inapoupata, na mwilini mwako upo. Ngozi ina mafuta yake ya asili ya kujikinga na hilo, yale yaliyojaa kati ya seli za tabaka la juu. Mimi nilikuwa nayaosha kila asubuhi kwa maji ya moto na sabuni. Sabuni ya kawaida huwa na pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, yaani ni alkali, wakati ngozi yenyewe iko karibu na 5, yaani ina asidi kidogo.

Kwa hiyo nilianzia bafuni, na hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko kwingine kote. Maji ya uvuguvugu asubuhi ya baridi ni adhabu, sitaficha. Dakika 10 zikiisha natoka. Sabuni isiyo na harufu inaishia kwapani, sehemu za siri na nyayo, kwingine maji yanatosha. Dodoki nililiweka kabatini. Wiki ya kwanza nilijiona kama sijaoga, lakini hakuna aliyenilalamikia. Nikitoka najifuta kwa kugandamiza taulo bila kusugua, na kabla dakika 3 hazijapita nimeshapaka. Kopo nimelihamishia bafuni, maana likikaa chumbani najikuta nimerudi kwenye chai.

Losheni niliiacha. Nyingi ni maji zaidi kuliko mafuta, zinafaa msimu wa joto. Ukitaka kujua, bonyeza chupa: kinachotiririka chenyewe ni chepesi mno kwa baridi. Natumia krimu nzito isiyo na manukato, yenye glisirini ndani, na mahali pabaya naongeza mgando juu yake. Glisirini tupu nayo niliijaribu. Ilininatisha hadi kwenye suruali, sikurudia.

Kwa visigino, mfamasia alinipa krimu ya urea ya asilimia 25. Urea huvuta maji na pia hulainisha ngozi iliyoota sugu. Usiku naloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kama dakika 10, nasugua kidogo kwa jiwe la miguu, napaka urea, kisha mgando, na kulala na soksi za pamba. Baada ya wiki moja hivi shuka liliacha kulia. Tatizo ni kwamba nilinogewa, nikaipaka urea hiyohiyo kwenye mchaniko wa kidole. Jamani! Niliruka hadi kwenye bomba. Palipochanika usipaguse na urea, weka mgando na plasta basi. Tena soksi na nguo zilizolowa mafuta hayo hushika moto upesi, kwa hiyo nimeacha ile tabia yangu ya kuotea miguu mbele ya hita.

Kipima unyevu nilichoweka chumbani kilisoma asilimia 24, wakati inayopendekezwa ni kati ya 30 na 50. Nilipunguza hita na kuleta mashine ya kuongeza unyevu. Inasaidia, ila usipoiosha mara kwa mara inakupulizia kuvu. Midomo nayo ilinipasuka kwa kuilamba tu: mate yanakauka na kuondoka na unyevu uliokuwepo. Sasa ina mgando wake mfukoni.

Kulikuwa na kipande kimoja kwenye kiwiko ambacho hakikusikia chochote. Kilikuwa chekundu, kinawasha mpaka natoa damu. Rafiki yangu akanipa krimu "kali, siku mbili tu kimepona", haina hata karatasi ya maelezo. Namshukuru woga wangu, sikuipaka. Nyingi za namna hiyo huwa na steroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe na muwasho), na zikitumiwa ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba. Daktari alipokiangalia alisema ni pumu ya ngozi. Akaniandikia haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi nyepesi, kwa siku chache na kuniambia krimu yangu ya kawaida isikatike. Akaniambia pia kwamba nikiona usaha, ngozi ikivimba na kuwa ya moto, au nikipata homa, nirudi siku hiyohiyo.

Msimu huu miundi imetulia na shuka halina uzi uliochomoka. Kidole gumba ndicho kinachonisumbua bado. Nikiosha vyombo bila glavu siku mbili mfululizo, mchaniko unarudi palepale pembeni mwa kucha, na juzi nikifunga kifungo cha shati nimekiona cha moto tena.