Kovu la futresti

"Baba, hapa uling'atwa na nini?"

Mwanangu alikuwa anapitisha kidole kwenye muundi wangu wa kulia. Makovu matatu madogo, yamepangana kama meno ya msumeno. Futresti, mwanangu, kile chuma cha kukanyagia cha pikipiki.

Ni ile pikipiki yangu nyeusi, kruza, aina ya kukaa umeegemea nyuma na miguu mbele. Futresti zake za awali zilikuwa mbele kabisa, zimevikwa mpira. Kwenye lami ya Mingoyo unakaa kama uko kibarazani. Ukiingia barabara ya vumbi ya Newala, kila shimo linamalizikia kiunoni, maana ukitaka kusimama miguu iko mbele na makalio yako nyuma, unabaki unaning'inia kwenye usukani. Na ule udongo mwekundu ukilowa, mpira unateleza kama mlenda.

Mimi na fundi tukazirudisha nyuma sentimita 18. Bamba la chuma la milimita 10 kila upande, bolti mbili mbili za milimita 10 zenye alama ya 8.8 kichwani (zisizo na alama hupinda), na futresti mpya, pana, za meno. Kabla ya kuchomelea tulichomoa waya hasi wa betri. Upande wa gia ndio uliotula siku. Fito inayounganisha pedeli ya gia na injini lazima ifupishwe, lakini ule mkono wa kwenye shafti ya gia ubaki umeelekea kulekule. Ukiugeuza juu chini, gia nazo zinageuka, unakanyaga ushushe, inapanda. Pedeli ya breki tuliiachia mchezo wa sentimita 2 ili breki isijishike ikaungua.

Sasa, futresti hukunjika. Pini yake hulazwa ili ikigongwa ikimbilie juu na nyuma, kisha springi inairudisha. Ya kulia pini ililegea, ikawa inalia kech, kech.

"Bosi, nikuchongee pini nyingine, uje kesho," fundi akasema.

Kesho nilitaka niwe Masasi. Nikamwambia aipige nukta mbili za weldi, yaishe.

Ilikuwa Desemba, mvua za mwanzo, malori ya korosho yamechimba mitaro kwenye mteremko wa kutoka Newala. Nimesimama, magoti yamebana tangi, meno yameng'ang'ania soli, pikipiki inacheza chini yangu na mimi nimetulia. Raha ile siwezi kuisimulia. Mtaro ukabana. Kwenye ukingo wa kulia palitokeza mzizi wa mkorosho, mnene kama mkono, umechubuka gome, mweupe. Niliuona vizuri kabisa. Ncha ya futresti ikaunasa, na kwa kuwa haikuwa na pa kukunjikia, pikipiki nzima ikazungukia pale. Mguu ukachomoka. Nilisikia suruali ikichanika, kama gunia.

Injini iliendelea kunguruma imelala ubavu. Mama mmoja aliyekuwa anaokota korosho akaja na kidumu cha maji, akanimwagia mguuni, akaigusa ile futresti.

"Mbona hii haikunjiki, baba? Ya bodaboda inakunjika."

Nilishonwa nyuzi saba. Bamba lilipinda, bolti zikabaki nzima. Pini nilichongesha, siku hiyo nikangoja.

"Kwa hiyo meno ni mabaya?" mtoto akauliza.

Wapo wanaoyapunguza kwa tupa. Mimi sijayagusa, ndiyo yaliyonishika matope yote yale kabla ya mzizi. Sikumjibu. Akaenda uani, akaikunja ya kulia kwa mkono, akaiachia.

"Baba, bado inalia."

Nikamwambia aiache ilie.