Ng'ombe anapogeuka "ngómbe": kurekebisha kibodi kwenye Linux

Dalili: katika kihariri cha maandishi, ukibonyeza ritifaa (') haitokei kitu, na irabu inayofuata inajitokeza na alama juu. "Ng'ombe" inakuwa "ngómbe", "ng'aa" inakuwa "ngáa". Kihariri hakina kosa. Nilifungua teminali nikaandika:

setxkbmap -query

Jibu lilikuwa layout: us, variant: intl, yaani kibodi ya Kimarekani, aina ya kimataifa. Mpangilio huo huifanya ritifaa isubiri herufi ya kuibeba. Kubonyeza nafasi baada yake huirudisha, lakini nani ataandika hivyo ukurasa mzima?

Kurudi kwenye us ya kawaida huponya Kiswahili na kuua Kifaransa; anayeandika lugha zote mbili, kama wengi wa Bujumbura na Lubumbashi, hapati nafuu. Dawa niliyotumia:

setxkbmap -layout us -variant altgr-intl

Sasa ritifaa hutoka papo hapo. AltGr (Alt ya kulia) pamoja na e hutoa é, na AltGr na mkato hutoa ç. Kwa è, bonyeza AltGr na kitufe kilicho kushoto kwa 1, achia, kisha e.

Amri hiyo hupotea ukizima kompyuta. Kwenye Debian na Ubuntu, weka XKBVARIANT="altgr-intl" ndani ya faili /etc/default/keyboard. GNOME (mazingira ya eneo-kazi) ina orodha yake ya kibodi, hasa ukiwa kwenye Wayland (mfumo wa kuonyesha madirisha):

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources sources "[('xkb','us+altgr-intl')]"

Kihariri cha Emacs kikilalamika "<dead-acute> is undefined", ongeza (require 'iso-transl) kwenye init.el, faili lake la mipangilio.