Kuendesha baiskeli Provence: gia, upepo na msimu wa lavenda

Picha za Provence, kusini mwa Ufaransa, zimewavuta waendesha baiskeli wengi: mistari ya zambarau ya maua ya lavenda, kijiji cha mawe juu ya kilima, barabara nyembamba isiyo na shimo. Yote hayo yapo kweli. Ila kijiji kikiwa juu ya kilima, barabara yake nayo hupanda, na mara nyingi hukazana zaidi pale karibu na nyumba za kwanza, wakati miguu imeshachoka. Ndiyo maana naanza na gia.

Baiskeli nyingi za kukodi huko huwa na gia mbili mbele, ya meno 50 na ya meno 34. Kabla hujalipa, uliza gia kubwa ya nyuma ina meno mangapi. Wakikuambia 28, omba nyingine yenye 32 au 34. Hesabu yake ni hii: tairi la kawaida likizunguka mara moja husogea kama mita 2.1. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, ukizungusha pedali mara 70 kwa dakika unakwenda kilomita 8.8 kwa saa. Ukiwa na 34 kwa 28, mizunguko hiyo hiyo inakulazimisha kwenda 10.7. Kwenye mwinuko wa asilimia 9, mtu wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 9 anahitaji takribani wati 195 kwa mwendo wa kwanza, na kama 235 kwa wa pili. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayomwangusha mtu mwenye mazoezi ya kawaida. Asipoweza kuzitoa wati hizo, mizunguko hushuka hadi 50 kwa dakika, mzigo wote unahamia magotini, na kesho yake anaamka na maumivu kwenye pia ya goti.

Tairi za milimita 28 zinatosha kabisa. Kwa mtu wa kilo 75, jaza upepo wa psi 70 hadi 75 (psi ni kipimo cha presha kilicho kwenye pampu). Ukijaza 100 kama wanavyofanya wengi, baiskeli itakurukaruka kwenye lami ya zamani na kushika kona vibaya.

Sasa lavenda yenyewe. Kuna za aina mbili, na kutozijua ndiko kunakowafikisha watu kwenye mashamba yaliyokwisha kukatwa. Kwenye uwanda wa Valensole, mita 500 hadi 600 hivi juu ya bahari, kinacholimwa zaidi ni lavandini, mmea chotara unaotoa mafuta mengi. Huchanua kuanzia katikati ya Juni, na kuanzia katikati ya Julai mashine huingia shambani. Lavenda halisi hupenda juu zaidi. Kuzunguka mji wa Sault, kwenye mita 760 hivi, na juu zaidi kuelekea Ferrassières, hupendeza zaidi katikati ya Julai, na uvunaji huendelea hadi Agosti. Sikukuu ya lavenda ya Sault ni tarehe 15 Agosti. Mimi nampa mwendesha baiskeli Sault bila kusita. Valensole kuna joto, magari ya watalii husimama ghafla kando ya barabara, na vilima vyake ni vichache.

Ukipita kando ya mashamba yaliyochanua, funga zipu ya jezi hadi shingoni na pumua kwa pua, maana mizinga huwekwa karibu na mistari na nyuki ni wengi mno. Nyuki akiingia kwenye helmeti, simama kwanza, ivue taratibu, usijipige kichwani. Wakati wa mavuno, trela huangusha mabua kwenye kona. Mabua makavu juu ya lami huteleza, kwa hiyo punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Kutoka Sault, njia nyepesi ni bonde la Nesque, barabara ya D942 hadi Villes-sur-Auzon: inapita ukingoni mwa korongo, na hata ukirudi kwa njia hiyo hiyo ukipanda, mwinuko ni kama asilimia 2 tu kwa sehemu kubwa. Njia nzito ni mlima wa Mont Ventoux, mita 1,910. Upande wa Sault ni kilomita 26. Takribani 20 za mwanzo hupita mashambani na msituni kwa upole hadi Chalet Reynard, mkahawa ulio kando ya barabara, kisha zimebaki 6 za asilimia 8 hivi kwenye mawe meupe yasiyo na mti hata mmoja. Upande wa kijiji cha Bédoin ni kilomita 21 na ushee, na baada ya kona ya Saint-Estève msitu unakupa asilimia 9 na zaidi kwa karibu kilomita 10 bila kupumzika. Kwa mara ya kwanza, panda kwa Sault.

Adui mkubwa pale juu ni mistrali, upepo unaotoka kaskazini na kaskazini-magharibi. Tarehe 14 Julai 2016 ulivuma kwa nguvu kiasi kwamba waandaaji wa Tour de France waliushusha mwisho wa mbio za siku hiyo kutoka kileleni hadi Chalet Reynard. Ndiyo siku ile Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipoanguka kwenye msongamano wa pikipiki na kukimbia kwa miguu akiwa na jezi ya njano ya anayeongoza mbio. Utabiri ukionyesha upepo wa ghafla wa zaidi ya kilomita 60 kwa saa kileleni, ahirisha. Chagua rimu zenye kina kifupi, kisichozidi milimita 30, kwani rimu zenye kina kirefu hushikwa na upepo wa ubavuni na huyumbisha gurudumu la mbele. Beba jaketi la upepo hata kama kuna joto bondeni: kutoka Bédoin hadi kileleni hewa hupoa kwa takribani nyuzi 10, na jasho lako bado bichi unapoanza kushuka.

Kwenye mteremko mrefu, usibane breki kidogo kidogo muda wote. Kwenye breki za rimu, joto hupita hadi kwenye tyubu, nayo inaweza kupasuka. Bana kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, kisha achia kabisa ili rimu ipoe.

Na hapo kuna jambo linalowahusu hasa wasomaji wa Kenya, Tanzania na Uganda. Ufaransa wanaendesha kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, na kwenye baiskeli zao breki ya mbele kwa kawaida iko mkono wa kushoto. Aliyezoea breki ya mbele kuwa kulia akishtuka, mkono wa kushoto ndio hubana kwa nguvu, na anapita juu ya usukani. Omba fundi abadilishe kebo, au jizoeze uwanjani dakika 10 kabla ya kutoka. Kwenye mizunguko ya barabara geuka kulia, na vijijini pasipo na alama, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita.

Anayetaka vijiji vingi kwa siku moja aende eneo la vilima la Luberon. Toka mji wa Apt saa 12 asubuhi kwa njia ya baiskeli iliyojengwa juu ya reli ya zamani, hadi Pont Julien, daraja la Waroma lililobeba magari hadi 2005. Hapo panda Bonnieux, kilomita 6 hivi, kisha Lacoste, Ménerbes na Oppède. Kati ya kila kimoja na kingine unashuka na kupanda tena. Pitia Coustellet, kisha Gordes na Roussillon, urudi Apt. Jumla ni kilomita 65 hadi 70. Zunguka kwa mwelekeo huo: asubuhi unakwenda magharibi upepo ukiwa bado mdogo, mchana unakusukuma mgongoni. Ndani ya vijiji vichochoro vimetandikwa mawe laini, kwa hiyo shuka utembee, na vifuniko vya mpira juu ya vibanio vya pedali vilivyo chini ya viatu vitakusaidia.

Maji: chupa mbili za mililita 750, moja ikiwa na chumvi kidogo. Vijiji vingi vina chemchemi, lakini ukiona maandishi «eau non potable», yaani maji yasiyofaa kunywa, mwagia kichwani tu. Chakula cha moto hupikwa kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Ukichelewa, utakuta jiko limefungwa na hata duka la mikate limefungwa kwa mapumziko, basi nunua mkate mapema na uubebe mfukoni.