Fungu Lililocheza Bila Mwenyewe

Andiko la juma hili: 1 Wakorintho 4:1–7

Wapendwa katika Bwana, huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba tafakari hii imechota mfano wake kwenye meza ya kamari. Siitetei kamari. Nimemchagua Stu Ungar, mcheza poka wa Marekani, kwa sababu maisha yake yananirudisha kila mara kwenye swali ambalo Mtume Paulo aliwauliza Wakorintho: “Nawe una nini usichokipokea?”

Ungar alizaliwa New York mwaka 1953 katika familia ya Kiyahudi. Baba yake aliendesha baa ambamo kamari ilichezwa, na baba huyo alipofariki, kijana akazigeuza karata kuwa njia ya kuipatia familia riziki. Kumbukumbu yake ilikuwa ya ajabu: alizishika akilini karata zilizokwisha kutupwa, akakadiria zile zilizosalia mikononi mwa mpinzani kwa usahihi uliowatisha watu. Katika gin rummy, mchezo mwingine wa karata, aliwashinda wengi hata wakakataa kuketi naye, na kukosa wapinzani ndiko kulikomsogeza kwenye poka. Mwaka 1980 alitwaa ubingwa katika shindano kuu la World Series of Poker mjini Las Vegas, ambalo kiingilio chake ni dola 10,000, na mwaka 1981 akautwaa tena. Akili ya namna hiyo mtu haisomei wala hainunui. Huzaliwa nayo, nasi tunaoamini twajua imetoka kwa nani.

Miaka iliyofuata kokeini ilimshika, na fedha alizozipata kwenye poka akazipoteza kwenye mbio za farasi na michezo mingine ya kubahatisha. Ndipo ikaja mwaka 1990. Katika shindano lilelile kuu alikuwa amejikusanyia fungu kubwa la chipu, yaani vidonge vinavyochezewa badala ya fedha, lakini siku ya tatu hakuonekana mezani, kwa kuwa alikutwa chumbani kwake hotelini akiwa amepoteza fahamu kwa sababu ya dawa za kulevya. Kwa mujibu wa kanuni, fungu lake lilibaki mezani mbele ya kiti kitupu, na kila mzunguko dau la lazima likawa linakatwa humo. Hata hivyo lilikuwa kubwa kiasi kwamba wachezaji wengine walitolewa mmoja baada ya mwingine kabla halijaisha, na Ungar akaandikwa mshindi wa tisa pasipo kuwapo.

Ndugu zangu, habari hii inanitia hofu zaidi kuliko mahubiri mengi niliyowahi kusikia juu ya anguko la watu wakuu. Matunda ya kipawa yaliendelea kuhesabiwa, na jina likaendelea kupanda katika orodha, wakati mwenye jina hajitambui. Mtu anayesoma matokeo peke yake asingeona kasoro yoyote. Yamkini ndiyo sababu Paulo, kabla ya kufika kwenye swali lake, anasema kwamba kinachohitajiwa kwa mawakili, yaani watu waliokabidhiwa mali ya bwana wao, ni mtu aonekane kuwa mwaminifu, wala hataji mafanikio. Mwimbaji wetu aweza kuwaliza watu ibadani, na mhubiri aweza kulijaza kanisa, huku nafsi yake imekwisha kuanguka siku nyingi mahali tusipoingia.

Mwaka 1997 rafiki yake, Billy Baxter, alimlipia kiingilio, na Ungar akashinda kwa mara ya tatu, miaka 16 baada ya ushindi wa pili, akiwa ameibeba picha ya binti yake. Zawadi ilikuwa dola 1,000,000, wakagawana nusu kwa nusu. Baada ya miezi michache fungu lake lilikuwa limekwisha. Tarehe 22 Novemba 1998 alikutwa amekufa katika nyumba ya wageni ya bei nafuu mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45, moyo wake ukiwa umechoshwa na miaka ya dawa za kulevya. Gharama za mazishi zilipatikana kwa mchango.

Sina haki ya kuwahukumu waliochanga, kwa maana sisi wenyewe ni hodari mno wa michango ya mazishi. Uraibu ni ugonjwa unaohitaji tiba na watu wa kukaa na mgonjwa kwa muda mrefu, na hapo ndipo makanisa yetu hulegea: humwondoa ndugu kwaya, humtaja katika maombi ya Jumatano, kisha humsubiri arudi akiwa amepona. Katika jumuiya zetu juma hili, naomba kila mmoja amtafute mwenye kipawa tunayemtumia kila Jumapili, amuulize habari za usingizi wake, nyumba yake na mzigo wake, bila kugusia huduma hata kidogo.

Bwana, tunawaweka mbele zako wote walio katika vifungo vya kamari na dawa za kulevya, pamoja na watoto wao. Utupe uvumilivu wa kukaa nao hata pale wanapoanguka tena. Amina.