Semina ya Seli Shina, Tabata

Mama mdogo akikupigia simu mara mbili kabla jua halijakolea, ujue kuna msiba au kuna fursa. Julai ya mwaka 2018 ilikuwa fursa. Alitaka nimpeleke mdogo wangu nyumbani kwake Tabata Jumapili mchana, na Mama naye tumbebe hivyo hivyo hata akisingizia kikao cha jumuiya.

"Kuna Dokta anakuja na seli shina," alisema. "Zinatibu kisukari, presha, figo, mpaka sikoseli. Mtoto apone, tupumzike."

Hiyo "tupumzike" alikuwa na haki ya kuisema. Usiku mwingi wa kulala kwenye mkeka pembeni ya kitanda cha wodi ulikuwa wake, si wa Mama peke yake. Mdogo wangu alizaliwa na selimundu, ndiyo hiyo sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na ukoo mzima uliishi kwa kufuata mwili wake: foliki asidi kila asubuhi, chupa ya maji isikae mbali, kipupwe kikianza sweta hata ndani ya daladala iliyojaa, na namba ya dereva wa bajaji anayekubali kuamshwa saa nane za usiku. Mwaka ule alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha sita, mrefu, mwembamba, macho yana umanjano usioisha. Maumivu yakimkamata halii. Anang'ata ncha ya shuka na kuhesabu kimoyomoyo, ukimsemesha anakasirika kwa sababu umemvurugia hesabu.

Mama mdogo alishawahi kujaribu. Mwaka 2011, nchi nzima ilipokuwa ikikimbilia Samunge kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wa Loliondo, alishalipia nafasi mbili kwenye Noah. Kikombe kilikuwa shilingi 500, na kilisemekana kinaponya kisukari, UKIMWI, saratani, pumu, karibu kila kinachodumu mwilini. Baba alikataa. Si kwamba hakuamini. Alisema foleni ya magari imefika kilomita na kilomita huko porini, na mtoto wa namna hii halazwi kwenye baridi bila maji ya uhakika. Kuna waliofia kwenye foleni ile. Mama mdogo hakumsamehe shemeji yake mpaka tunamzika.

Basi tukaenda Tabata. Makochi yalikuwa yametolewa uani, viti vya plastiki vimepangwa mistari, laptopu imeunganishwa kwenye televisheni, na sambusa zimefunikwa mezani ili mtu asiondoke mapema. Watu walijaa: wazee wa mtaa, akina mama wa kikoba, vijana wawili wenye tai waliokuwa wakiandikisha majina mlangoni. Karibu na mlango alikaa jirani yake Mama mdogo, muuguzi mstaafu ambaye miaka yote tulimwita Nesi na basi, mkoba wake mkubwa mapajani. Nilidhani amefuata sambusa.

Dokta aliingia na koti jeupe. Hakuna aliyeuliza ni dokta wa nini. Viatu vyake vilichongoka na kung'aa, na sentensi yake ya kwanza ilikuwa kutuuliza nani humu ndani hapendi pesa.

Kuongea alijua, siwezi kumnyima hilo. Na alianza na mambo ya kweli. Alisema mwilini kuna seli zilizokwisha pangiwa kazi, za ini, za ngozi, za misuli, na kuna nyingine ambazo bado hazijapangiwa. Hizo ndizo seli shina, na kutoka kwazo mwili hupata seli mpya za kuziba mapengo. Akatuonyesha picha ya Profesa Shinya Yamanaka wa Japani, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2012. Nilikuwa mwaka wa pili wa ualimu, somo la Biolojia, na mpaka hapo sikuwa na la kupinga. Yamanaka kweli alichukua seli za kawaida za panya mwaka 2006, akaziongezea jeni nne, zikarudi utotoni na kuwa na uwezo wa kugeuka karibu seli ya aina yoyote. Mwaka uliofuata akafanya hivyo kwa seli za ngozi ya binadamu.

Kisha picha ikabadilika, likatokea tufaha.

Tufaha la Uswisi, alisema Dokta, linalokaa miezi bila kusinyaa. Seli shina zake zimekaushwa, zikachanganywa na za zabibu, zikatiwa kwenye pakiti hizi mnazoziona. Unamwaga unga chini ya ulimi, unasubiri uyeyuke, unameza. Boksi moja laki na themanini. Ukichukua maboksi matatu unakuwa mwanachama, ukileta watu watatu na kila mmoja akaleta watatu, hapo akaanza kuchora miduara, na miduara ikazaa miduara mpaka ukurasa ukajaa. Kati ya Yamanaka na tufaha hapakuwa na daraja lolote. Aliruka tu, na sebule nzima ikaruka naye.

Mama mmoja wa jumuiya akainua mkono. Alikuwa amesikia seli hizi hutolewa kwenye mimba, na Kanisa limeshazikataa. Mzee wa kanzu nyuma yake akaunga mkono: wapo wanazuoni wanaosema roho hupulizwa siku ya 120 ya mimba, lakini hata kwa hesabu hiyo yeye hangependa kumeza kitu cha namna hiyo.

Lilikuwa swali zito, tena lenye historia. Mwaka 1998 James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walifanikiwa kukuza seli shina kutoka kwenye viinitete vya binadamu, yaani mimba za siku chache tu, zilizotungwa kliniki kwa ajili ya watu wanaotafuta mtoto. Kuzipata seli hizo ni lazima kiinitete kiharibiwe. Ndipo Kanisa Katoliki likapinga, na ndipo Agosti 2001 Rais George W. Bush akaruhusu fedha za serikali ya Marekani zitumike kwa seli zilizokwisha patikana tu, mpaka Barack Obama alipolegeza mwaka 2009. Miaka yote hiyo watu walibishana kwa uchungu, wagonjwa wakisema tunakufa, waumini wakisema na huyu naye ni mtu, na wengi bila shaka walikuwa wagonjwa na waumini kwa pamoja.

Dokta alilifurahia swali. "Ndiyo maana sisi tumechagua tufaha! Hakuna mimba, hakuna dhambi, hakuna madhara. Muislamu anatumia, Mkristo anatumia, mjamzito anatumia, mpaka kichanga."

Yule mama akashusha pumzi, na mimi hapo ndipo nikaanza kuchemka. Jambo la dhamiri lililowanyima watu usingizi kwa miaka lilikuwa limegeuzwa sifa ya bidhaa, pale pale, kwa sentensi mbili.

"Hakuna madhara kabisa?" Ilikuwa sauti ya Nesi kutoka mlangoni.

"Kabisa, mama yangu."

"Basi siyo ile ninayoijua mimi, mwanangu." Hakuinuka. Alizungumza amekaa, taratibu, kana kwamba anamwelekeza muuguzi mwanafunzi. "Seli shina za kutibu sikoseli zipo. Ziko kwenye uloto, ndani ya mfupa, ndiko damu inakotengenezwa. Na wala hazitoki kwenye mimba ya mtu. Zinatoka kwa ndugu."

Akaeleza. Uloto wa mgonjwa unatengeneza chembe zilizopinda, kwa hiyo kwanza unauangamiza kwa dawa kali, zile zile za saratani. Halafu unampa uloto wa ndugu ambaye alama za seli zake zinalingana na zake. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Hata akiwa amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa, anafaa. Mgonjwa hukaa ametengwa akisubiri uloto mpya ushike, na kipindi hicho homa ndogo tu inaweza kumwondoa. Seli mpya zinaweza kuugeukia mwili wa mgonjwa na kuushambulia. Dawa zinaweza kumnyima uzazi.

"Kuna wanaokufa," alisema Nesi. "Na wanaopona, wanapona kweli. Sasa wewe yako haina madhara hata kwa kichanga. Inafanyaje kazi?"

Niliongezea kidogo, kwa sababu kisa chenyewe nilikisoma chuoni na nilikipenda: binti wa miaka minane wa Memphis, Marekani, aliyekuwa na selimundu na saratani ya damu kwa pamoja. Alipandikizwa uloto wa ndugu yake kwa ajili ya saratani, na selimundu nayo ikaondoka. Madaktari waliandika habari zake mwaka 1984. Mama aligeuka akaniangalia. Nadhani hakuwahi kusikia neno "ikaondoka" likisemwa juu ya ugonjwa ule na mtu asiyeuza kitu.

Mdogo wangu, ambaye kila mtu alikuwa akimjadili na hakuna aliyemsemesha, akanyoosha mkono wenye kikono cha sweta kilichozidi.

"Samahani, Dokta. Hizi seli za tufaha zikishafika kwenye uloto wangu, zitatengeneza damu ya nani?"

Watu wakacheka. Dokta naye alicheka, ila alichelewa kidogo. Akasema kijana ana akili sana, angefaa kuwa mwanachama, na kwamba mambo mengine yanahitaji imani. Kisha akaita ushuhuda haraka haraka.

Akasimama mama mmoja mnene, mchangamfu, mpika chakula wa Buguruni. Presha ilimtesa miaka, sasa anatumia unga na vidonge vya hospitali ameshavitupa. Vigelegele vikapigwa. Nesi akafungua mkoba. Ndani kulikuwa na kipimo cha presha, kile cha kuvalisha mkono na kubana kwa pampu.

"Njoo mwanangu tumshukuru Mungu kwa namba," akasema.

Kukataa kusingewezekana mbele ya watu wote wale. Dokta alijaribu kusema muda umekwenda, lakini akina mama wa kikoba walishaanza kusogeza viti. Nesi alipima, akanyamaza, akampumzisha, akapima tena mkono wa pili. Hakuitangaza. Alimwonyesha mwenyewe yule mama, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu niliiona: 198 kwa 112. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba haendi Buguruni, anaenda kituo cha afya sasa hivi, na yeye atamsindikiza. Wakatoka pamoja. Pale mlangoni Nesi akageuka kumwambia Mama mdogo, "Babu alichukua mia tano. Huyu laki na themanini," na hilo ndilo pekee alilolisema kwa sauti.

Ungedhani semina ilivunjika. Haikuvunjika. Sambusa zililiwa, watu wakaandika majina, wengine walinunua. Mama mwenyewe alinunua boksi moja, kwa pesa aliyokuwa ameiweka ya paa. Nilipomuuliza kwenye daladala, alisema dada yake alishamwekea pale nyumbani watu na sahani, angemwacha aabike? Hakuamini hata punje ya unga ule. Undugu una gharama zake, na sikuona sababu ya kumwongezea ya maneno. Boksi lilikaa juu ya friji mpaka tarehe yake ikapita.

Mama mdogo alibaki na maboksi mengine kabatini, yule Dokta akahamia mkoa mwingine na simu ikawa haipatikani. Mama mdogo akahamia biashara ya vitenge, na vitenge vikamwendea vizuri.

Desemba ya mwaka ule ule zilitoka habari za majaribio ya haidroksiyurea kwa watoto wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda. Maumivu yalipungua, malaria ilipungua, hata vifo. Ni vidonge vinavyoufanya mwili utengeneze tena himoglobini ya uchangani, ile isiyopinda. Haviponyi. Mdogo wangu alivianza baadaye kliniki Muhimbili, akilalamika bei na vipimo vya damu vya kila mara, na dereva wa bajaji akaanza kutuulizia kama tumehama.

Kisha mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, jambo ambalo kabla ya hapo lilimaanisha kwenda India. Mwishoni mwa mwaka huo huo Uingereza na Marekani zikaidhinisha Casgevy: seli shina za mgonjwa mwenyewe zinatolewa, zinahaririwa jeni, zinarudishwa, hakuna haja ya ndugu anayelingana. Ila zile dawa kali za kuangamiza uloto ziko pale pale, pamoja na orodha yote ya Nesi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5 za kwetu. Mdogo wangu alisema hata wangeuza Tabata nzima.

Habari ya Dodoma aliyeileta kwenye grupu la ukoo ni Mama mdogo, kabla ya mtu mwingine yeyote, saa kumi na mbili asubuhi, na alama za mshangao za kutosha. "Mnaona? Niliwaambia seli shina zinaponya, mkanicheka!"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu. "Shikamoo mama mdogo. Lakini hizi hazilambwi."

"Marahaba baba," akaandika. Halafu, kabla hatujamaliza kucheka, akauliza kama Dodoma wanachukua na watu wazima, na kati yangu na dada yetu mkubwa nani atatangulia kupimwa.