Safari ya Kufika Chai

Mwaka 2016, siku mbili baada ya khitma ya baba, mimi na dada yangu tulikuwa tukipanga upya kabati la chumba chake pale nyumbani Unguja, tukaikuta Game Boy yetu, kile kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu, imeviringishwa katika kipande cha kanga, kaseti ya gemu ya Super Mario Land ikiwa bado imechomekwa mgongoni. Mjomba alituletea kutoka Muscat mwaka 1993, na kwa kuwa hatukuwahi kupata kaseti nyingine, kwetu sisi kifaa na gemu vilikuwa kitu kimoja. Vibati vya kushikia betri vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Nilivisugua kwa siki na mswaki chakavu, nikaviacha vikauke dirishani, kisha nikatia betri nne mpya. Taa nyekundu ikawaka. Mistari miwili ya wima ilikuwa imekufa kwenye kioo, lakini muziki ulikuwa ule ule.

Niseme kwanza kuhusu majina, kwa sababu ndiyo yaliyotutia wazimu utotoni. Gemu hii ina milki nne, na kijitabu chake kiliziita Birabuto, Muda, Easton na Chai. Birabuto ina mapiramidi, nasi tulijivuna kwamba Mario, shujaa wa gemu, ameanzia Afrika. Muda na Chai tulizisoma kwa Kiswahili, bila kujua kwamba aliyezitunga alikuwa na Bermuda na China kichwani. Ikawa kila alasiri tukiketi barazani, dada hutangaza kwamba leo lazima tufike Chai, na kila alasiri tukakwamia njiani.

Kilichotukwamisha hakikuwa ustadi peke yake. Kaseti ile haihifadhi chochote. Ukizima, kesho unaanza upya kwenye mapiramidi. Nasi tulitumia betri za bei nafuu kabisa, ambazo zikianza kuchoka tulizianika juani juu ya bati la banda la kuku, na kwa hila hiyo tukapata dakika chache zaidi, huku taa nyekundu ikififia na kidole gumba kikizungusha gurudumu la pembeni ili kivuli cha Mario kisipotee kabisa. Mbali zaidi nilikowahi kufika ni Easton, kwenye masanamu ya mawe.

Siku ile ya kabati niliketi mkekani nikacheza, dada akiangalia begani kwangu huku akikunja kanzu za baba. Sikutarajia gemu iwe nzito mkononi kiasi kile. Mario ni mdogo kama punje ya mtama, na akikanyaga nje ya ukingo haelei hata kidogo. Anadondoka kama jiwe. Kobe ukimkanyaga, gamba halitelezi kama katika gemu nyingine za Mario, bali linalipuka, na mpira anaoutupa Mario baada ya kula ua hudundadunda ukutani kama mpira wa chandimu. Baadaye nilisoma kwamba kazi hii haikuongozwa na Shigeru Miyamoto, aliyemuumba Mario, bali na Satoru Okada katika kikosi cha Gunpei Yokoi, kikosi kilichounda Game Boy yenyewe, na nikaona ndiyo maana inafanana na ndugu wa kambo. Iliuzwa zaidi ya nakala milioni 18 hata hivyo, na sishangai.

Kilichonishangaza ni ufupi wake. Hatua zote ni 12 tu. Kabla ya saa moja kutimia nilikuwa nimeshapita masanamu na kuingia Chai, mahali ambapo utoto wangu wote haukunifikisha, nikajikuta nimenyamaza kama mtu aliyeingia chumba cha wageni bila kubisha hodi.

“Hatua ya mwisho utapanda ndege,” dada alisema, bila kuinua macho kwenye kanzu.

Nilisimamisha gemu. Nikamuuliza amejuaje.

“Zile betri za Sikukuu,” akasema.

Nilizikumbuka mara moja. Mama alituwekea betri mpya usiku wa kuamkia Idi, na asubuhi zilikuwa zimekufa; nikaenda dukani, kanzu mpya na yote, kumlaumu mwenye duka mbele ya watu kwamba ametuuzia betri zilizolala. Kumbe dada alikuwa amekesha nazo kwa mwanga wa kandili, kwa sababu kioo kile hakina taa, na akamtoa Daisy, binti mfalme aliyetekwa, mikononi mwa Tatanga, adui wa mwisho wa gemu, karibu na alfajiri, peke yake, sauti imefungwa.

“Mbona hukuniambia?”

“Ungelia, mdogo wangu. Halafu ulikuwa umeshamgombeza yule mzee.”

Nilipanda ndege, nikapita wingu lenye hasira, nikampiga Tatanga hadi akalipuka. Baada ya hapo gemu huanza upya, maadui wakiwa wengi zaidi. Dada aliweka kanzu kando, akanyoosha mkono, na kabla hata hajatazama kioo kidole gumba chake kilikuwa kimeshalipata gurudumu la pembeni.